Mji Uliotupokea Tukiwa Tumechelewa

Daktari aliongea na mume wangu kwa Kiingereza, kisha mume wangu akanigeukia na kunitafsiria ugonjwa wake mwenyewe.

"Anasema tumechelewa kidogo," alisema.

Hilo "kidogo" alilitia yeye. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nilikuwa namtazama daktari usoni, na usoni mwake hapakuwa na kidogo yoyote. Alikuwa kijana, amevaa tai, na alikuwa ametoka nyuma ya meza yake akavuta kiti kuja kukaa karibu nasi. Mkono wake aliuweka juu ya goti la mume wangu muda wote aliozungumza. Alipomaliza aliagiza tuletewe chai. Chai ikaja, ya maziwa, imewekwa iliki, na sisi tukainywa pale pale ofisini kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya. Mpaka leo siipendi harufu ya iliki.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Mbinga. Wote tulimwita Mwalimu, mimi mkewe nikiwemo, hata mama yake mzazi. Yeye alizaliwa kule chini, pwani ya Ziwa Nyasa, karibu na Liuli, katika nyumba ya Waanglikana walioishi kwa nyavu na muhogo. Mimi ni Mmatengo wa milimani, Mkatoliki, nimekulia kwenye kahawa na kwenye mashimo ya ngoro tunayolimia mahindi na maharage. Nashona sare za shule sokoni. Alikuja siku moja nimpunguzie suruali, akarudi tena na suruali ile ile akisema bado ndefu, mpaka ikawa haimfai tena kuvaa. Ndivyo tulivyooana. Mungu alitupa watoto wawili.

Maumivu yalimwanza msimu wa kuchuma kahawa. Tulidhani vidonda vya tumbo. Macho yalipogeuka manjano ndipo tukatoka Mbinga kwenda Songea, Songea kwenda Dar es Salaam, na Dar wakatuambia India. Parokia ikachanga, walimu wenzake wakachanga, kaka yangu akauza shamba la kahawa alilorithi kwa baba. Siku ya kuondoka walijaa stendi kutuaga. Kila mtu alisema, "Mkirudi." Mkirudi tutafanya hivi, mkirudi tutachinja. Sikumsikia hata mmoja akisema "kama".

Kumbe huko India, mjini Chennai, hawakuwa na la kutufanyia. Saratani ilikuwa imelimaliza ini. Kumpasua kungemuwahisha tu, alisema daktari, na dawa zilizobaki zilikuwa za kupunguza maumivu. Arudi nyumbani, akae na watu wake. Tiketi yetu ya kurudi ilikuwa bado siku sita, na ndege za kabla ya hapo zilikuwa zimejaa.

Tulirudi gesti tukakaa kitandani, yeye upande huu, mimi upande ule. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Nilitaka aseme neno ili nipate kulia. Akasema:

"Kesho tutembee."

"Tutembee wapi?"

"Mjini. Miaka yote nafundisha lile somo la utalii. Kila mwaka nawauliza watoto, eleza mambo yanayoufanya mji mkubwa wa Asia uwapokee vizuri watalii. Wananiandikia kiwanja cha ndege, hoteli, usalama, benki. Nawapa vema. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona mji wowote wa Asia." Akanitazama na yale macho yake ya manjano. "Sasa tupo ndani yake, mama. Tukae humu tutazame feni?"

Nilimwona kama amechanganyikiwa. Lakini mgonjwa akitaka kutembea, utamkatalia vipi?

Asubuhi tulimkuta mama mwenye gesti ameinama mlangoni, anachora maua chini kwa unga wa mchele. Alikuwa anaudondosha katikati ya vidole viwili, mstari mmoja usiokatika, unazunguka nukta na kurudi. Mwalimu alisimama kumtazama hadi mwisho. Akamuuliza, kisha akanieleza: anachora kila siku, kumkaribisha yeyote atakayepita mlango huo, hata sisimizi wapate kula. Alifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu. Mimi niliangalia ule unga nikafikiri kwamba kufikia mchana utakuwa umekanyagwa wote. Tulipotoka yeye aliruka kwa shida asiharibu. Mimi nilikanyaga. Sikukusudia, lakini pia sikujizuia.

Bajaji zilikuwa zimejaa barabarani, za manjano, na dereva wa kwanza tu alipomwona Mwalimu anavyotembea ameshika ubavu, alishuka akamshika mkono kumpandisha. Aliendesha polepole, akitoa kichwa nje kuwagombeza wenye pikipiki wasitubane. Tukapita mtaa wa maua, wanawake wamekaa chini wanasokota vishada vya asumini. Mmoja alinifunga kishada kwenye nywele bila kuniuliza, akacheka, akanipigapiga begani. Nikakibeba kichwani siku nzima. Harufu yake ilikuwa nzuri mno, na kila iliponifikia puani nilikuwa najiona mwizi, nimejipamba na mume wangu anakufa.

Mahali pengine palikuwa na kibanda cha kahawa. Muuzaji alikuwa anaimimina kutoka bilauri moja ya chuma kwenda nyingine, mkono mmoja juu, mwingine chini, ikafanya povu. Mwalimu aliniagizia. Nilionja, na kwa muda mfupi nilisahau yote. Mimi nimezaliwa kwenye kahawa, nimeichuma na kuimenya tangu nikiwa na miaka sita, na nyumbani kwetu tunakunywa chai ya majani. Sikuwahi kujua kwamba ile kazi yote ilikuwa inatafuta kitu kitamu hivi.

"Unaona?" alisema Mwalimu. "Hiyo haipo kwenye kitabu."

Yeye alipiga mafunda mawili akashindwa. Muuzaji aliona. Akaichukua ile bilauri, akammiminia maji ya moto matupu yenye tangawizi, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu alimshukuru kwa Kiswahili, sijui kwa nini, na yule mtu akaitika kwa lugha yake.

Siku ya pili alitaka ufukweni. Ni mchanga mpana kuliko mchanga wowote niliouona, unatembea mpaka unachoka kabla hujafika maji. Wavuvi walikuwa wameketi wanashona nyavu, na mume wangu mtoto wa mvuvi akaenda kukaa nao moja kwa moja. Hawakusikilizana neno, lakini mikono yao ilisikilizana. Walimpa sindano ya nyavu, akaziba tundu moja, wakaikagua kazi yake, wakatikisa vichwa kwa ile namna yao ya upande upande, ambayo nilikuwa bado sijajua kama ni ndiyo au hapana. Alikuwa anawaeleza habari za samaki wa kwao, mbasa na dagaa wa Nyasa, akionyesha ukubwa kwa viganja.

Halafu akatapika. Alitapika damu juu ya mchanga, mbele yao wote.

Watu walikuja mbio. Mwanamke mmoja alivua mtandio wake akamkunjia alazie kichwa. Mwingine akamfunika jua kwa mwavuli. Polisi wa kike akaleta maji, akampigia mtu simu, akaniuliza maswali nisiyoyaelewa, na alipoona simjibu akaacha kuuliza akanishika tu mkono. Wote waliniita amma, amma, na hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikuwa na hasira. Nilitaka mmoja wao awe mkorofi. Nilitaka mtu atuibie, atutukane, anifukuze, ili nipate wa kumpigia kelele. Hakupatikana.

Siku ya tatu hakuweza kutoka. Siku ya nne ilikuwa Jumapili, akasema twende kanisani, kwa ajili yangu. Kuna kanisa kubwa jeupe pale karibu na bahari, na wanaamini limejengwa juu ya kaburi la Mtakatifu Tomaso Mtume. Misa ilikuwa kwa lugha yao, lakini misa ni misa, nilijua tulipo kila hatua. Watu walivua viatu. Baada ya misa tulishuka chini kaburini, chumba kidogo chenye baridi, na mzee mmoja mlangoni alipomwona Mwalimu alimletea kiti akakiweka mbele kabisa.

"Muombe," nilimnong'oneza.

"Nimeshamshukuru."

"Umemshukuru kwa lipi?"

Aliendelea kulitazama kaburi.

"Muombe akuponye, Mwalimu. Tumefika mpaka kwenye kaburi la mtume. Nani kwetu Mbinga amewahi kufika hapa? Huoni kama ndiyo sababu tumeletwa?"

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Wewe umeshakufa," nilimwambia. Nilisema pale pale, mbele ya kaburi, kwa sauti iliyofanya watu wageuke. "Umeshakufa, unazunguka tu kuangalia maua na kahawa. Umeniacha peke yangu nikipigana."

Alisimama kwa kushika ukuta, akatoka. Hatukuongea tena siku ile.

Kwenye gesti yetu alikuwepo mzee mmoja wa Komoro, amemleta mkewe kutibiwa moyo. Tulikuwa tunasikilizana kwa Kiswahili chake na changu. Huyo ndiye aliyenieleza, tulipokutana kwenye ngazi jioni ile, kwamba upande wa pili wa mji ipo hospitali wanakokata kipande cha ini la ndugu na kumpandikiza mgonjwa. Aliniandikia jina kwenye karatasi. Usiku ule sikulala hata dakika tano. Asubuhi Mwalimu alikuwa bado amesinzia kwa dawa, nikachukua bahasha ya kaki yenye vipimo vyake na picha zake zote, nikashuka, nikampa dereva wa bajaji ile karatasi. Njia nzima nilikuwa nimeweka mkono kwenye ubavu wangu wa kulia. Lipo, nilikuwa najiambia. Ini langu lipo, zima, sijawahi hata kunywa pombe. Wachukue hata lote.

Ile hospitali ilikuwa na meza yake ya wageni wa nje, ina viti laini na maua yanayoelea kwenye bakuli la maji. Dada wa pale alivaa sari ya rangi ya maembe mabichi. Alinikalisha, akaniuliza ninakotoka, nikamtajia Tanzania, akanitolea maji, akaipokea bahasha kwa upole, akaipeleka ndani. Nilingoja. Aliporudi alikuwa ameongozana na daktari mwanamke mwenye mvi, na mkononi alikuwa na simu. Akanipa. Niliiweka sikioni, na ndani yake sauti ya binti ikaniambia kwa Kiswahili safi kabisa:

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Pole na safari."

"Marahaba," niliitika, na machozi yakaanza kutoka kabla sijasema lolote. Mtu wa kunitafsiria. Walikuwa naye wa kila lugha, anakaa mahali fulani na simu yake, kwa ajili ya watu kama mimi.

Nikamwambia aseme kwamba nimekuja kutoa ini. Akasema. Daktari akajibu kwa muda mrefu, akinitazama mimi, si simu. Yule binti akasema:

"Mama, daktari anasema anakuheshimu sana. Huenda ini lako lingefaa. Lakini ugonjwa wa baba umeshatoka kwenye ini, umefika kwenye mapafu na mifupa. Hata akipewa ini jipya leo, ugonjwa utalifikia na hilo. Anasema asingependa kukudanganya."

"Mwambie ajaribu."

"Nimemwambia, mama."

"Mwambie tena."

Alimwambia tena. Daktari akatikisa kichwa, na safari hii nilijua ni hapana.

"Mama," ile sauti ikasema, "upo na nani hapo?"

"Nipo peke yangu."

Sikumbuki nilivyotoka. Nilikuwa na kadi ya gesti mfukoni, ningeweza kupanda bajaji yoyote, lakini nilianza kutembea. Nilitembea kama mtu anayekimbia mvua. Mitaa ikawa mingine, maandishi ya ukutani yote ni ya mviringo, siwezi kusoma hata herufi moja, na jua likanipiga mpaka nikaona giza. Kitu kilichonisimamisha ni sauti. Cherehani ya miguu. Unaweza kunitoa popote duniani, sauti ile nitaijua. Chini ya ngazi za jengo moja alikuwa amekaa fundi, baba wa makamo mwenye mvi kichwani, anashona mashati meupe ya shule.

Niliketi chini, palepale njiani, nikalia kwa sauti kama tunavyolia kwetu msibani.

Aliacha kushona. Alinyanyuka kwenye kiti chake, kiti kimoja tu alichokuwa nacho, akanishika kiwiko akanikalisha. Mbele yangu palikuwa na mashine nyeusi sawasawa na yangu, na shati likiwa nusu, kola haijashikizwa. Aliniletea maji. Nilipotulia alinyoosha kidole barabarani, huku na kule, kama anayeuliza ninakokaa, nikampa kadi ya gesti. Akaifunika mashine yake kwa kitambaa, akaita bajaji, na akaingia yeye mwenyewe nami. Aliacha kazi yake mchana kweupe, akanifikisha hadi mlangoni, akainamisha kichwa, akaondoka. Sikumwambia hata asante.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya gesti, mama mwenye nyumba pembeni yake na yule mzee wa Komoro amesimama. Walikuwa wamenitafuta. Mwalimu alikuwa amelia, uso umevimba. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa yetu sikuwa nimemwona hivyo.

Wenzetu waliingia ndani wakatuachia kibaraza.

"Mzee ameniambia ulikokwenda," alisema. "Wamesemaje?"

"Wamesema hapana."

Akanivuta nikae chini, karibu na miguu yake. Kisha akasema, "Sikuwa natembea kwa sababu nimekata tamaa, wala kwa ajili ya lile somo. Niliogopa kukaa chumbani. Kule chumbani unanitazama, na nikikutazama unavyonitazama, naona ninakufa. Nje hawanijui. Wananiona mgeni. Wananipa kiti, wananipa maji, mimi nakuwa mgeni tu kama wageni wengine."

"Na mimi nilitaka upigane."

"Kwa kitu gani, mama? Niambie kwa kitu gani, nipigane nacho."

Nililaza kichwa mapajani mwake, pale nje, watu wakipita, na yeye akaanza kunitoa nyuzi zilizoning'ang'ania kwenye gauni kutoka kwa yule fundi. Alizitoa mmoja mmoja. Hatukutoka tena nje ya gesti mpaka siku ya safari.

Uwanja wa ndege walimpa kiti cha magurudumu, wakatupitisha mbele ya kila foleni, na kila mahali walimtakia safari njema kwa mikono iliyokutanishwa kifuani. Dar tulilala kwa shemeji yangu. Kutoka Dar hadi Songea alikuwa amelazwa kwenye viti vya nyuma vya gari la jamaa, na tulipofika Mbinga hakutaka kushuka. Alisema apelekwe ziwani kwa mama yake. Watoto wakapanda nasi humo humo, na sare zao, wametoka shule.

Aliishi wiki tatu. Alifariki saa nne asubuhi, mama yake akiwa ameenda kuanika muhogo na mimi nikiwa naloweka nguo zake. Nilirudi ndani na beseni, nikamkuta. Hakuniita. Au aliniita na mimi sikusikia kwa ajili ya maji, hilo sitalijua.

Wanafunzi wake walikuja na basi la shule kutoka Mbinga, wakaimba. Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa lao, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa lote mpaka milima ya Malawi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipopungua, mama mkwe aliniita jikoni kwake. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, hanitazami.

"Mwanangu," alisema, "sijakuuliza. Huko mlikokwenda, watu wake walikuwaje?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari za fundi na kiti chake, za mtandio uliokunjwa mchangani, za wavuvi waliomwachia mwanawe sindano azibe wavu wao, za binti aliyeniamkia kwa simu. Nilisema walikuwa watu wazuri, mama, watu wazuri sana, walitupokea kama ndugu zao. Alisikiliza hadi mwisho. Mwiko ulikuwa umesimama.

"Sasa kama walikuwa wazuri hivyo," aliuliza, "mbona hawakumponya?"

Aliuliza kweli. Hakuwa anamlaumu mtu yeyote. Alikuwa bibi ambaye hajawahi kuvuka Songea, na alitaka kuelewa, na alidhani mimi niliyefika ndiye ninayejua. Moto ulikuwa unafifia, kwa hiyo nikainama nikausogeza ukuni ndani, na tukaendelea kukaa pale, yeye akinisubiri nijibu.